Mashudu ni Mangapi

Jumatatu, 25 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na mimi nimeripoti kazini nikiwa na tope hadi magotini. Kiwanda cha Bwana Valence kinatengeneza chakula cha mifugo: mashine mbili za kusaga, mikisa moja kubwa ya kuchanganyia, na stoo ndefu yenye mabati yaliyochoka. Nimeajiriwa, kwa maneno yake mwenyewe, kumaliza ugomvi. Mwezi uliopita walinunua chumvi mara mbili na dagaa hawakununua kabisa, kwa sababu daftari la manunuzi, daftari la stoo na ubao wa mikisa kila kimoja kinasema la kwake.

"Dorine," kaniambia, "nataka orodha moja ndani ya kompyuta. Kitu kimoja, jina moja, namba moja. Mtu akibisha, tunafungua orodha, ubishi umekwisha."

Miaka miwili nimekaa nyumbani Msamala, hapa Songea, na diploma yangu, mama akinitazama ninavyokunywa chai. Sasa nina meza. Nimefurahi mpaka nimenunua shajara hii.

27 Novemba

Stoo ni ya Mama Lukresia. Yumo humo mwaka wa kumi na tisa, mnene, mfupi, ananusa ugoro na kupiga chafya kama bunduki. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya gunia.

Sasa nikaangalia hayo magunia, kha! Yote ni ya mtumba. Limeandikwa mbolea, ndani pumba. Limeandikwa sukari, ndani mifupa iliyosagwa. Nikamuuliza anajuaje kilichomo. Akanionesha mdomo wa gunia: kafunga kipande cha kanga kuukuu. Rangi hii ni kitu hiki, rangi ile ni kile, chenye mafundo mawili ni cha ng'ombe.

"Na asiyejua vitambaa, mama?"

"Si aniulize."

"Na siku usipokuwepo?"

"Mbona nipo," akasema, akapiga chafya.

Nilicheka njia nzima kurudi ofisini. Miaka kumi na tisa kiwanda kinaendeshwa kwa matambara.

3 Desemba

Mvua. Majina ishirini na mawili leo.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo nimejiona mtu. Kwenye daftari la manunuzi kuna "dagaa". Kwa Mama Lukresia kuna "usipa", maana wanatoka ziwani Nyasa. Kajetani, fundi wa mikisa, ubaoni kwake ameandika "samaki". Vitu vitatu, kumbe ni kimoja! Ndiyo maana mara wanasema wapo, mara wanasema wameisha. Nimeviunganisha: namba 1007, dagaa. Bwana Valence amesimama nyuma ya kiti changu akapiga makofi kama yuko mpirani.

Mama Lukresia akasema tu, "Hapo umepatia." Nikajiuliza kwa nini aseme *hapo*.

18 Desemba

Nimekuwa naunganisha kila siku. Pumba na makapi: kitu kimoja. Chokaa na chokaa ya kuku: nilimuuliza, akasema ya pili ni ya kula, ya kwanza ya kupaka ukuta. Hizo nikaziacha mbili. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba nilikuwa najua kuuliza.

Mama Lukresia hapendi kuja kwenye kompyuta. Leo kaniletea karatasi ya vitu kumi na moja, eti nimevisahau. Vingine ni mabaki ya vifuko viwili vitatu. Nikamwambia vya namna hiyo haviingii. "Lakini vipo, mwanangu, vione." Nikamjibu, nikijisikia mjanja, "Mama, kisichokuwemo kwenye mfumo hakipo." Kajetani akacheka. Mama Lukresia akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye fundo la kanga.

25 Desemba

Krismasi. Mama kapika wali na kuku. Amewaambia majirani wote mimi ni bosi wa kompyuta.

Jumatano, 8 Januari 2025

Wakaguzi wanakuja tarehe kumi, na Bwana Valence ameanza kupiga kelele. Zilibaki aina tano tu kuthibitisha. Ya mwisho ilikuwa mashudu. Kwenye orodha yangu kulikuwa na "mashudu" na "mashudu meusi". Kwenye manunuzi, "mashudu" tu, mwaka mzima. Nikaenda stoo mvua ikinichapa.

Mama Lukresia alikuwa anafunga mzigo wake. Dada yake amelazwa Mbesa na anakwenda kumuuguza, wiki mbili. Nikamuuliza juu juu, mguu mmoja mlangoni. Akasema ni mawili. Meusi ni ya alizeti, ya kuku. Mengine ni ya pamba, yanatoka kanda ya ziwa, hayo ni ya ng'ombe. Akatia mkono kwenye gunia, akasugua kwa vidole. "Ona, la pamba linaacha nyuzi." Sikuona nyuzi. Niliona vumbi la kahawia, na kwenye gunia jingine vumbi la kahawia kidogo zaidi.

"Mama, yote si ni makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta?"

"Ndiyo."

"Basi ni kitu kimoja, tofauti ni ya rangi."

"Dorine, usiyaunganishe hayo." Aliniita jina. Hajawahi kuniita jina.

Nikasema sawa mama, nitaangalia, safari njema. Nikarudi mezani. Bwana Valence akapita: "Zimebaki ngapi?" Nikasema hakuna, zimekwisha. Ndipo nikabonyeza. Namba 1014, mashudu. Sekunde moja haikufika.

Alasiri tukabandika stika zenye namba magunia yote, na vibarua wakakata vitambaa. Stoo imependeza, haki ya Mungu, kama duka la dawa. Vitambaa vimejaa ndoo nzima.

10 Januari

Wakaguzi wamesifu. Mmoja amepiga picha skrini yangu.

Jumanne, 14 Januari

Bati limeachia upande wa kusini mwa stoo, maji yanashuka kama bomba. Vibarua wamehamisha magunia yote kwa haraka na kuyapanga kwa namba: 1014 na 1014 pamoja. Kazi ya nusu saa. Bwana Valence akasema ingekuwa zamani tungehangaika siku mbili kumsubiri Mama Lukresia atafsiri matambara. Nami nikacheka.

17 Januari

Mvua. Kajetani amechanganya tani sita za chakula cha kuku wa mayai.

22 Januari

Mama Lukresia amerudi, dada yake ni mzima. Amesimama mbele ya rundo la 1014 kwa muda mrefu. "Nani amechanganya haya?" Nikasema yana namba moja. Akafungua gunia, akasugua. La pili, la tatu. Amekaa chini siku nzima akisugua, akitenga huku na huku, vidole vyeupe kwa nyuzi za pamba. Safari hii nimeziona.

Jioni akaniita pembeni, sauti ya chini. "Yaliyotangulia kutolewa yote yameshakwenda mikisa. Kuku wa watu watakula pamba. Mwambie bosi, wewe ndiye unakaa naye, atakusikia. Mimi nikisema ataona nina wivu na kompyuta yako."

"Nitamwambia, mama."

"Leo?"

"Leo."

Bwana Valence alikuwa kwenye simu, anamweleza mtu jinsi mfumo wetu ulivyo wa kuaminika. Nikangoja dakika tano, nikaenda nyumbani.

23 Januari

Sijamwambia.

24 Januari

Mama Lukresia kaniuliza kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa. Sijui kwa nini. Shingo ilikwenda yenyewe.

30 Januari

Nimesoma kwenye simu: kuku kula mashudu ya pamba hafi. Nimefarijika sana. Sikuendelea kusoma.

6 Februari

Kifuku hiki, kama mama yangu anavyoyaita majira ya mvua, hakina huruma. Nguo hazikauki.

Jumatatu, 17 Februari

Amekuja Bi Subira, mwanamke wa Tunduru anayeishi Bombambili, mjane, ana kuku mia nne wa mayai. Ananunua chakula kwetu tangu kiwanda kifunguliwe. Alibeba trei moja kichwani, imefunikwa kwa mtandio. Hakusalimia. Aliomba sahani. Akavunja yai mbele ya Bwana Valence, mezani, juu ya karatasi zake.

Kiini kilikuwa cha kijani. Kijani cha tope, cha maji ya mfereji. Akavunja la pili. La tatu lilikuwa kahawia.

"Haya ni ya wiki iliyopita," akasema. "Yakitoka tumboni ni mazuri, yakikaa siku chache yanakuwa hivi. Shule imenirudishia trei sitini. Wapishi wanasema nimewauzia mayai ya jini. Valence, wallahi mimi nina kuku hawa tu. Sina kingine."

Ofisi ikanuka. Bwana Valence akamwambia pole, dada, tutachunguza. Mimi nilikuwa naangalia ile sahani na nikajua papo hapo, bila kusoma popote, kuwa ni ile pamba.

18 Februari

Nimefika kiwandani kabla ya wote. Nimefungua 1014 nikaigawa: 1014 mashudu ya alizeti, 1015 mashudu ya pamba. Nimechapa stika mpya, nikabandika zile za pamba kwenye magunia ambayo Mama Lukresia aliyatenga kwa mkono wake. Mfumo unaweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani na siku gani, lakini ukurasa huo naufungua mimi peke yangu. Sasa orodha ni sahihi. Nimejiambia hivyo mara nyingi: orodha ni sahihi.

21 Februari

Wafugaji wengine wanne wamekuja na mayai yao.

26 Februari

Bwana Valence hasemi na mtu. Kila karatasi ya kutolea mzigo stoo ina jina chini, linajichapa lenyewe: Mtunza Stoo, Lukresia. Nimeliweka mimi, Desemba, ili nisiliandike upya kila mara. Nimemwona anazipekua.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Nataka kuandika hii yote, nisiruke kitu.

Saa nne Bwana Valence aliita kikao ofisini: mimi, Kajetani, Mama Lukresia. Bi Subira naye alikuwepo, yuko kwenye funga, midomo imemkauka, amekaa karibu na mlango. Mama Lukresia alitoka misa ya asubuhi, majivu yapo usoni, kidogo yamemshukia puani.

Bwana Valence akamwonesha karatasi za Januari. "Jina la nani hili?"

"Langu. Lakini nilikuwa Mbesa, uliniruhusu."

"Uliiacha stoo yako katika hali gani?"

"Ina vitambaa."

"Vitambaa!" Akapiga meza. "Kiwanda kina mfumo, wewe unaniambia vitambaa!"

Kajetani akasema yeye alichukua gunia lenye 1014 kama alivyoelekezwa. Bwana Valence akasema hapo ndipo penyewe, nani aliweka pamba kwenye magunia ya 1014? Kisha akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusaidiwa.

"Dorine. Wewe ndiye mwenye orodha. Kwenye mfumo mashudu ni mangapi, ni moja au mawili?"

Kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu. 1014. 1015.

Mama Lukresia alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayemngoja mtoto amalizie kusema sala.

"Mawili," nikasema.

Ilikuwa kweli. Ukifungua orodha, ni mawili. Hakuna aliyeniuliza yalikuwa mangapi Januari.

"Umesikia?" Bwana Valence akasema. "Mfumo ulijua. Stoo ndiyo haikujua." Akamwambia Bi Subira kwamba ameona mwenyewe kosa lilipo. Bi Subira akamwangalia Mama Lukresia akasema, "Mwanamke mwenzangu, ulishindwa hata kunusa?" Hapo ndipo Mama Lukresia alipoinamisha kichwa. Kwa Bwana Valence hakuinamisha.

Aliacha funguo mezani. Hakubishana, hakulia. Pale mlangoni akapiga chafya, na nikaona aibu hata ya kusema "afya".

6 Machi

Stoo imefungwa. Mvua.

7 Machi

Kajetani kaniuliza, akifuta mikono: "Hivi ile 1015 ilikuwepo tangu lini?" Nikamwambia tangu zamani. Akasema aa.

15 Machi

Bi Subira ameuza kuku wote. Nimesikia kwa muuza chipsi.

22 Machi

Nimekwenda kuungama. Nimesema nimesema uongo. Padri akauliza uongo gani, nikasema wa kazini. Nimepewa rozari moja. Nilipotoka nje nikaona nimemdanganya hata padri.

29 Machi

Mtunza stoo mpya ananiuliza mimi kila kitu. Kwenye orodha kipo, namwambia. Leo kauliza, chokaa iliyolowa mvua bado inafaa kwa kuku? Sijui. Hakuna anayejua. Nimeikuta ile ndoo ya vitambaa nyuma ya mlango, imejaa maji ya mvua, rangi zimechujuka zote zimekuwa moja.

4 Aprili

Mama yangu kasema nimekonda, eti kazi ya akili inakula mwili.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda Mpitimbi, kijijini kwa Mama Lukresia. Bodaboda alikwama kwenye tope mara mbili, nikamalizia kwa miguu. Mama Lukresia alikuwa kwenye maharage yake, ameinama, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nilingoja lile "mwanangu" lake la kila siku. Akaendelea kung'oa.

Nikasema yote, nimesimama pale kwenye matuta na viatu vyangu vya kanisani. Tarehe nane. Kwamba nilibonyeza wakati yeye yuko njiani kwenda Mbesa. Kwamba sikumwambia Bwana Valence hata siku moja. Kwamba niligawa namba alfajiri baada ya mayai. Nililia, nikajichukia kwa kulia, kwa sababu mwenye haki ya kulia hakuwa mimi.

Akanyooka, akashika kiuno. "Najua."

"Unajua?"

"Siku niliporudi kutoka Mbesa stika ilikuwa moja. Kwenye kikao zikawa mbili. Mimi si mjinga, Dorine. Ni kompyuta tu sijui."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikungoja wewe." Akasema polepole, kama anahesabu magunia. "Nilisema moyoni, huyu atasema. Akiulizwa atasema. Ukasema mawili."

Nikamwambia nitakwenda kwa bosi nimwombe amrudishe. Akacheka kidogo, cheko baya.

"Sirudi mimi. Hapa sokoni watu wa Songea wakiniona wanasema ndiye yule aliyelisha kuku pamba. Mwanangu wa kiume kaambiwa hivyo shuleni anakofundisha. Hilo ndilo linaloniuma, kazi haiumi." Akainama tena kwenye maharage. "Uliniambia kisichokuwemo kule hakipo. Basi kakiandike."

Hakunikaribisha ndani. Mvua ilikuwa inaanza.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika. Kwenye mfumo kila kitu kina nafasi ya maelezo, na skrini ya stoo na ya mikisa zote zinayaonesha ukifungua kitu hicho. Chini ya mashudu, kote kuwili, nimeweka:

*Tarehe 8 Januari mimi Dorine niliunganisha mashudu ya alizeti na ya pamba kuwa namba moja. Lukresia, mtunza stoo, alinikataza kabla sijafanya. Tarehe 22 Januari alinituma nimwambie mkurugenzi, sikumwambia. Tarehe 18 Februari niliyagawa tena kwa siri. Kosa la mayai ni langu. Lukresia hana kosa.*

Nimechapa nakala mbili. Moja nimebandika mlango wa stoo. Nyingine nimempelekea Bi Subira Bombambili. Alisoma amesimama, mabanda matupu nyuma yake, akanirudishia karatasi akafunga mlango.

15 Aprili

Kajetani aliisoma kwa sauti mbele ya vibarua. Hakuna aliyecheka. Bwana Valence akajifungia nami ofisini, akaniuliza kama nina kichaa: hao wakaguzi, hao wanunuzi, nani ataamini orodha yetu sasa? Nikasema labda ndiyo wataiamini. Akaniambia nifute. Nikakataa. Nimekusanya vitu vyangu: kikombe, shajara, mwavuli.

Mtunza stoo mpya kanisindikiza hadi getini. Kanong'ona kwamba Kajetani ameshaipiga picha na kuituma kila mahali.

17 Aprili

Bwana Valence amefuta maelezo. Lakini nasikia alimpigia Mama Lukresia simu mwenyewe, akaomba radhi, akamwomba arudi. Alijibu ana maharage ya kuvuna.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Mvua imekata. Jua kali, watu wamependeza, matarumbeta yanapigwa uwanjani. Mama Lukresia alikuja mjini kusali. Nilimwona ngazini, kanga mpya, wanawake watatu wa sokoni wamemzunguka wanamshika mkono, mmoja anamwambia pole mama, tulidanganywa. Alikuwa anacheka kile kicheko chake cha stoo. Akapiga chafya, wote wakamwambia afya.

Nilipenya hadi mbele yake. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

Akanitazama. Uso wake haukuwa mbaya.

"Marahaba," akasema.

Nikabaki nimeinama, nangoja lile neno lingine ambalo kila asubuhi, tangu Novemba, alikuwa ananipa bure. Kengele ikalia. Akajitanda kanga vizuri, akaingia kanisani na wenzake.